Nilitoa ushuhuda kanisani kwamba nitashinda, nikapigwa KO

SWALI

Shikamoo anko. Mimi ni bondia wa huku Tanga nina miaka 24, nimecheza mapambano 9 nikashinda 8, na yote hayo 8 nilikuwa namaliza mapema, hakuna aliyefika raundi ya nne na mimi. Mwezi uliopita nilikuwa na pambano Dar, sasa Jumapili ya kabla ya safari nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, nikasema Mungu kanionyesha kabisa huyu jamaa namlaza raundi ya pili, watu wakashangilia, mama akalia kwa furaha. Basi anko nikalazwa mimi, raundi ya tano. Toka siku hiyo sijakanyaga kanisani, mchungaji kaja nyumbani mara 2 nikamtuma mdogo wangu aseme sipo. Kocha anasema nikichoka mkono wa kushoto unashuka na pumzi sina, na kweli ananiimbia hiyo hiyo toka mwaka jana, ila mimi naona refa alihesabu haraka na zile glovu nilizopewa zilikuwa zinanibana. Nimeshaongea na promota anipe marudiano wiki 3 zijazo. Kitu kingine sijamwambia mtu, asubuhi nikiamka kichwa kinauma na mwanga unanisumbua macho, nikisema najua watanizuia nisicheze. Nirudije kwenye kiwango changu, na hii aibu ya kanisani nifanyeje?

Bondia, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hicho ulichokitaja mwishoni kama kitu kidogo ndo naanza nacho kwa sababu kimeninyima usingizi. Ukipigwa mpaka ukalala maana yake ubongo umetikisika ndani ya fuvu, na kama wiki zimepita bado kichwa kinauma kila asubuhi na mwanga unakukera, basi kuna uwezekano mkubwa haujapona. Konde lingine likikukuta katika hali hiyo, hata konde la mazoezi tu, linaweza kukuua. Sikutishi, mabondia wamekufa hivyo. Kesho asubuhi nenda hospitali ya Bombo, umweleze daktari kila kitu, ulipigwa lini, ulizimia muda gani, maumivu yanaanza saa ngapi, usipunguze hata kimoja. Na ukianza kutapika au kuchanganyikiwa au upande mmoja wa mwili ukaishiwa nguvu usingoje asubuhi, nenda usiku huohuo. Glovu usiziguse mpaka daktari aseme.

Haya, sasa ngoja nikupe habari ya bondia wa Marekani, George Foreman, maana wewe na yeye mnafanana sana. Alipotua Kinshasa mwaka 1974 kucheza na Muhammad Ali alikuwa ameshinda mapambano 40 hajapoteza hata moja, na 37 kati ya hayo kwa KO. Alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara 6 ndani ya raundi 2, na Ken Norton naye akammaliza kwa raundi 2 tu. Yaani mtu ambaye hajazoea kabisa kucheza usiku mrefu, kama wewe ulivyozoea kumaliza kabla ya raundi ya nne. Ali akaliona hilo. Alfajiri ile ya Oktoba 30 akaegemea kamba akajifunika, akamwacha Foreman apige, apige, apige mpaka mikono ikawa mizito, halafu raundi ya nane akamlaza. Na unajua Foreman alisema nini baadaye? Kamba zilikuwa zimelegea, refa kahesabu haraka, maji aliyopewa yalikuwa na dawa. Mwanangu soma tena barua yako pale kwenye refa na glovu.

Kilichombadilisha hakikuwa marudiano, Ali hakurudiana naye kamwe. Mwaka 1977 alipigwa kwa pointi na Jimmy Young kule Puerto Rico, akaingia chumba cha kubadilishia nguo akiwa hoi, na humo ndimo alisema alikutana na Mungu. Akaacha ngumi miaka 10, akawa mhubiri Houston, akafungua kituo cha vijana, na ulingoni karudi 1987 akitafuta hela za kukiendesha kile kituo. Ila yule aliyerudi alikuwa mtu mwingine, anacheza taratibu, anatunza pumzi, na alifika mahali pa kusema wazi kwamba Ali alimpiga kihalali. Novemba 1994 akiwa na miaka 45 alikuwa nyuma kwa pointi dhidi ya Michael Moorer, kijana aliyemzidi karibu miaka 20, akavumilia mpaka raundi ya kumi akamlaza kwa mkono wa kulia akachukua ubingwa wa dunia uzito wa juu. Siku hiyo alivaa bukta ileile ya Kinshasa. Mimi hiyo bukta huwa inanigusa kuliko hata mkanda wenyewe, mtu kavaa siku yake ya aibu mbele ya dunia nzima.

Nami nikwambie langu. Shuleni nilikuwa golikipa na nilikuwa naogopa mipira ya juu, hakuna aliyejua, au ndivyo nilivyodhani. Kabla ya kila mechi nilikuwa napiga magoti namuomba Mungu wapinzani wasipate kona. Misimu miwili naomba hivyo. Siku nilipomwambia kocha akasema nilikuwa nasubiri useme mwenyewe, na kuanzia jioni hiyo tukawa tunapiga krosi 50 kila siku. Nilikuwa namuomba Mungu anifichie udhaifu wangu wakati Yeye alikuwa tayari kunisaidia niushughulikie. Naona na ule ushuhuda wako ulikuwa na kitu kama hicho, moyoni ulijua pumzi huna, kocha kakwambia mwaka mzima, ukamtanguliza Mungu azibe pale ambapo hukutaka kufanyia mazoezi. Mungu hajakuangusha mwanangu, hakuwahi kukuahidi raundi ya pili, hiyo uliitaka wewe.

Na Mtume Paulo angekuelewa kabisa. Alipowaandikia Wakorintho, watu wa mji ambao michezo ilikuwa inafanyika jirani yao na ngumi wanazijua vizuri, aliwaambia yeye hapigani kama mtu anayepiga hewa bali anautesa mwili wake na kuutumikisha. Ni mtume huyohuyo aliyewaambia ana mwiba mwilini, aliomba mara 3 uondolewe haukuondolewa, na bado akawaambia wote. Kama yeye aliweza kuwaandikia kanisa zima udhaifu wake, wewe huwezi kumwambia mchungaji mmoja sebuleni kwenu?

Kwa hiyo akija mara ya tatu fungua mlango wewe, na huyo mdogo wako muombe msamaha kwa kumfundisha kudanganya. Mwambie mchungaji nilisema neno ambalo Mungu hakunipa. Kama kuna Jumapili utataka kusimama tena mbele za watu hiyo mtaipanga pamoja, isiwe adhabu, na mama mwambie kabla ya wao kusikia. Kocha naye mwambie mawili, kichwa na mkono wa kushoto, kwa mdomo wako, usimtumie meseji. Kama pambano lilirekodiwa kaa naye mlitazame lote ukiwa kimya, halafu mwache aseme. Huyo mzee kakuvumilia mwaka mzima unamjibu vibaya na bado yuko na wewe, watu wa hivyo ni wachache kwenye ngumi.

Ila promota mpigie leo leo, kabla hujamaliza hata kusoma ukurasa huu, umwambie wiki 3 haiwezekani na tarehe utampa daktari akishasema.