Re: Tertullian na "wakati Mwana hakuwako"

Salaam ndugu. Umekwama hapa: Tertullian, mwandishi Mkristo wa kale, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutumia neno la Kilatini trinitas (Utatu), lakini katika kitabu chake dhidi ya Hermogenes, sura ya 3, anasema palikuwa na wakati Mwana hakuwako. Je, ni Ario kabla ya Ario, yule padri aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa?

Nami nilikwama hapohapo. Kwanza angalia anabishana na nani. Hermogenes alidai maada haina mwanzo, kwa kuwa Mungu alikuwa Bwana siku zote na bwana lazima awe na cha kumiliki. Tertullian anajibu kwamba "Bwana", "Hakimu" na "Baba" ni majina yanayohitaji mwingine upande wa pili: Mungu hakuitwa Baba kabla ya kuwapo Mwana.

Kisha fungua kitabu chake dhidi ya Praxeas, aliyefundisha kwamba Baba na Mwana ni yuleyule, sura ya 5: Mungu alikuwa peke yake, lakini si mpweke, maana Akili yake ilikuwamo ndani yake. Sura ya 8 ina mzizi na chipukizi, chemchemi na mto, jua na mwonzi. Yaani aliyetoka alikuwamo tangu awali. Jina "Mwana" linakuja anapotoka ili kuumba.

Ila usimvike kanzu ya Nikea, mtaguso wa mwaka 325 uliotamka kwamba Mwana ana asili moja na Baba. Yeye katangulia kwa miaka mia na ushee. Sura ya 9 anamwita Mwana sehemu ya Baba, na hapo simtetei. Nimemsoma kwa tafsiri tu, Kilatini changu ni cha kwaya.