Kabla hujaleta dume la jirani kwa sababu "limechanjwa", soma hii kwanza

Jana usiku nimepata meseji ya mfugaji mwenzangu wa Uvinza, ndefu lakini kiini chake ni hiki: "Kaka shikamoo, kuna jamaa kapita huku na chanjo ya homa ya nguruwe, mi nimechanja wote na jirani yangu kachanja, sasa jike langu lipo kwenye joto nataka niazime dume lake, naona hapo hamna shida tena eti?"

Marahaba mdogo wangu. Shida ipo tena kubwa, usilete hilo dume, na nimeona nijibu hapa kwa sababu najua mko wengi mnaowaza hivohivo, na sisi sote tunataka kitu kimoja, kutoka kwenye majike mawili ya uani tufike kwenye banda la kueleweka linalosomesha watoto.

Homa ya nguruwe inayotumaliza huku kwetu, ile ya Afrika, haina chanjo unayoweza kuchomewa hapa Kigoma. Ugonjwa wenyewe umeandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, zaidi ya miaka mia iliyopita, na muda wote huo kirusi chake kimewasumbua watafiti. Vietnam ndio waliruhusu chanjo mwaka 2022, nayo ni ya virusi hai vilivyopunguzwa makali, imelenga aina moja ya kirusi wakati huku Afrika Mashariki zinazunguka aina kadhaa. Sasa jamaa wa pikipiki ameitoa wapi?

Nikwambie anachochoma. Mara nyingi ni dawa ya minyoo, au antibayotiki, au ile sindano ya madini ya chuma wanayopewa vitoto wakiwa na siku chache. Zote zina kazi yake ila hakuna hata moja inayomzuia kirusi. Wengine wameona mtandaoni chanjo ya homa ya nguruwe, na kweli ipo, lakini ni ya homa nyingine kabisa, ile ya kule Ulaya na Asia, Wachina waliitengenezea chanjo nzuri tangu miaka ya 1950. Dalili zinafanana sana, virusi ni tofauti kabisa, na chanjo ya huyu haimgusi yule.

Haya, tuseme sasa ni ugonjwa ambao chanjo yake ipo kweli, mfano miguu na midomo. Hapa ndipo wafugaji wengi wanaachwa. Chanjo haimwekei nguruwe ukuta, kirusi kinaweza kuingia bado, tofauti ni kwamba mwili unakiwahi, kinazaliana kidogo, nguruwe anakitoa kidogo kwa mate na pumzi na kinyesi na kwa siku chache zaidi. Kwenye banda lisilochanjwa mgonjwa mmoja anaambukiza kadhaa, nao wanaambukiza wengine mpaka wanaisha wa kuambukizwa. Kwenye banda lililochanjwa vizuri kila mgonjwa kwa wastani anaambukiza chini ya mmoja, basi ugonjwa unajifia wenyewe kama moto wa kiangazi ukikuta shamba lililolimwa. Ila ukichanja nusu ukaacha nusu, wale walioachwa wanaumwa na kumwaga virusi vingi, na kwa miguu na midomo nguruwe anapumua virusi vingi kuliko hata ng'ombe, kwahiyo hata waliochanjwa wanazidiwa. Na kuna aliyechanjwa anayeonekana mzima kabisa, anakula, ngozi inang'aa, kumbe anakitoa kirusi kidogokidogo, ukimpeleka kwa mwenzio ambaye hajachanja umempelekea msiba.

Alafu chanjo inataka muda, wiki moja mpaka tatu ndio mwili unajipanga, na nyingine zinataka kurudiwa. Inataka kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, sio kwenye begi mgongoni kutoka Kasulu mpaka Uvinza jua linawaka. Na vitoto vilivyonyonya maziwa ya mwanzo ya mama aliyechanjwa vina kinga ya mama, ukivichanja mapema sana ile kinga inaila chanjo, umetupa hela.

Sasa nieleze kwanini naongea kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikuwa na majike makubwa, mengine yana mimba, nalisha pumba za mahindi na mashudu ya mise, zile kokwa za michikichi, na mabaki ya dagaa, watu wanatoka Manyovu kuja kuchukua nguruwe wa mbegu kwangu. Jirani mmoja nguruwe wake wakaanza kufa. Hakusema. Alichinja usiku wale waliokuwa wamelala wanaumwa, nyama ikauzwa kitimoto, utumbo na maji ya kuoshea vikamwagwa mtaroni unaopita kwenye mpaka wetu, mbwa wakabeba mifupa kila upande. Mimi najua habari wakati jike langu kubwa limekataa kula, homa kali, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu kuelekea zambarau, anatembea anayumba. Akafa. Wengine wakakaa siku kadhaa wazima nikadhani Mungu kaniepushia, maana huu ugonjwa haurukii banda zima siku moja, unapita kwa damu na kwa mdomo na kwa kugusana, kisha wakaanza kulala wamesongamana na mimba zinatoka. Waliisha. Yule bwana tunasalimiana mpaka leo kanisani, na sijawahi kusikia pole kwake. Nimesamehe ila sijasahau, na siwezi kudanganya hapa.

Mwaka huu ugonjwa umepita tena mtaani kwetu na banda langu limebaki limesimama, watu wananiuliza nimechanja dawa gani. Sijachanja chochote cha homa ya nguruwe! Nimefunga mlango, basi. Mnunuzi anamwona nguruwe kwa nje ya uzio, namtoa mimi. Gambuti za bandani hazitoki bandani na za nje haziingii, mlangoni kuna beseni la dawa ya kuua vijidudu na linabadilishwa, sio maji ya tope ya wiki nzima. Makombo ya hotelini siyachukui, na wewe kama huna namna basi yachemshe, nyuzi 70 kwa nusu saa nzima ndio kirusi kinakufa, maana kwenye nyama mbichi au ya chumvi au ya friji kinakaa miezi. Nguruwe mgeni anakaa peke yake, mbali, na ndoo yake, mwezi mzima. Uzio wa kueleweka pia, hasa nyie mlio karibu na mapori ya Moyowosi na Uvinza, ngiri anabeba hiki kirusi bila kuumwa na papasi wa kwenye mashimo yake wanakaa nacho miaka.

Na dume. Wafugaji wenzangu, dume la kuzungushwa kijiji kizima ni hatari kuliko tunavyokubali, linalala hapa leo, kesho kule, linabeba kila kilichopo. Fuga lako, au changieni wawili watatu mnaoaminiana na wote mmefunga milango.

Kuna lingine linaniuma zaidi. Huyo huyo anayepita kuchoma hizo sindano, na fundi wa kuhasi naye, wanatumia sindano moja na wembe mmoja nyumba kwa nyumba. Nguruwe mwenye homa hii damu yake imejaa virusi hata kabla hajaonyesha dalili, sasa unamchoma huyo, unatoka na sindano hiyohiyo unamchoma wa jirani. Mtu analipa hela yake aletewe ugonjwa! Mwambie aje na sindano mpya kwa kila nguruwe, umwone akiifungua, na akufunulie chupa usome imeandikwa nini, inaisha lini. Akikasirika aende zake.

Mdogo wangu wa Uvinza, wewe kwa sasa usitoe nguruwe wala usiingize, wapime joto asubuhi na jioni, ikipita nyuzi 40 na hali chakula mpigie afisa mifugo wa kata achukue sampuli ipelekwe maabara. Akifa usichinje. Nyama hiyo haimdhuru binadamu, ni kweli, lakini kila kipande kinachotoka hapo kinaenda kuua banda la mtu mwingine, kwahiyo chimba shimo refu, mwagia chokaa, zika hapohapo kwako, na uwaambie majirani siku hiyohiyo.