Mwandiko wa mtoto: tafuta panapokwama kabla ya kumwongezea mazoezi

Mtoto anayeandika kwa kujikokota, herufi zikiruka mstari na maneno yakigandana, huitwa mvivu na kupewa kurasa za ziada za kunakili. Tusimfanyie hivyo. Kuandika kunataka macho, mgongo, bega, vidole na kumbukumbu ya maumbo ya herufi, vyote kwa pamoja. Kazi ya kwanza ya mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, ni kujua ni kipi kati ya hivyo kinachomwangusha.

Jaribio hili mwalimu anaweza kulifanya darasani. Chagua sentensi fupi, mtoto aiandike mara tatu: kwanza akinakili kutoka ubaoni, kisha kutoka kwenye karatasi iliyo kando ya daftari lake, mwisho akisomewa. Ikiharibika ya ubaoni peke yake, shuku macho: huenda haoni mbali vizuri, au macho yanachelewa kujirekebisha yanapotoka ubaoni kuja daftarini. Tazama pia anavyoinua kichwa. Anayekiinua kwa kila herufi huenda hashiki neno zima akilini, na hilo miwani hairekebishi. Akinakili vizuri lakini akisomewa anavuruga, basi taabu iko kwenye tahajia au kukumbuka herufi inavyoandikwa. Zikiwa mbovu zote tatu, angalia anavyokaa na anavyoshika penseli.

Macho yapimwe mapema, na yapimwe kwa ukamilifu. Chati ya herufi inayosomwa kutoka mita 6 hupima kuona mbali tu, ilhali daftari liko sentimita 35 hadi 40 kutoka usoni. Mtoto anaweza kuisoma chati hadi mstari wa mwisho na bado macho yake yakashindwa kulenga pamoja kwa karibu. Huyo utamwona anafunika jicho moja, analaza kichwa, anaruka mistari, au anaumwa kichwa baada ya kusoma kidogo. Shika kalamu mbele ya pua yake, umbali wa sentimita 40, uisogeze taratibu kuelekea puani huku akitazama ncha. Watoto wengi huiona moja mpaka ifike chini ya sentimita 10 kutoka puani. Ikigawanyika kuwa mbili mapema, au jicho moja likikimbilia nje, na ikawa hivyo kila ukirudia, mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Hicho ni kidokezo tu, si kipimo cha kuamua ugonjwa. Akianza ghafla kuona vitu viwili au kuwa na makengeza, usingoje: apelekwe hospitali. Miwani ya vioo vya rangi inayouzwa kama tiba ya ugumu wa kusoma haina ushahidi wa kutosha. Fedha hizo zitunzwe.

Kukaa hudharauliwa, na ndiko kunakoleta nafuu ya haraka. Nyayo zikining'inia, mtoto hutumia nguvu kujizuia asiteleze, na mkono unaoandika unakosa egemeo. Weka boksi imara chini ya miguu. Meza iwe juu ya kiwiko kwa takriban sentimita 5 mkono ukiwa umening'inia kando. Anayetumia mkono wa kulia alaze karatasi kidogo, sehemu ya juu ikielekea kushoto. Wa mkono wa kushoto afanye kinyume chake, ashike penseli juu zaidi, kama sentimita 3 kutoka nchani, ili aone anachoandika, na aketi upande wa kushoto wa dawati asigongane viwiko na jirani. Mkono wa pili ushikilie karatasi.

Kuhusu kushika penseli, wazazi huhangaika kupita kiasi. Kushika kwa vidole vitatu ni kuzuri, lakini kwa vinne nako hufaa, maadamu herufi zinasomeka na mkono hauumi. Mdogo anayekamata penseli kwa ngumi mpe kipande kifupi cha sentimita 4 hivi; hakina nafasi ya ngumi nzima, kwa hiyo vidole hujipanga vyenyewe. Anayekandamiza mpaka karatasi inachanika aandikie juu ya kitambaa kinene: akizidisha nguvu, ncha itatoboa naye atajua papo hapo.

Kufinyanga udongo na kutunga shanga ni michezo mizuri, lakini peke yake haibadilishi mwandiko. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba programu zisizokuwa na kuandika kwenyewe, au zenye vipindi chini ya 20, hazikufaulu. Basi panga angalau vipindi viwili kwa wiki, vifupi. Fundisha herufi zinazoanza kwa mwendo mmoja kwa pamoja: c, a, d, g, o. Mtoto aandike tano, kisha azungushie iliyo bora na aseme kwa nini. Anayegeuza b na d, “baba” ikawa “dada”, bado yuko ndani ya kawaida mpaka umri wa miaka 7 hivi. Ikiendelea baada ya hapo, usomaji wake nao uchunguzwe.

Wakati mazoezi yakiendelea, masomo mengine yasimponyoke. Mpe nakala ya maandishi ya ubaoni mezani pake, daftari la miraba kwa hesabu ili tarakimu zisihame safu, na katika sayansi ajibu kwa mdomo.