Barua kwa Kulwa: simu, kidude na jiko la mama yako

Mwanangu Kulwa,

Mwangaluka. Huku wazima, mama yako mzima, Doto kaenda Nansio kumwona bibi yenu, atarudi Jumapili. Mvua imepiga usiku kucha, Mirongo umejaa, watu hawajashuka mjini, kwahiyo leo hapa Makoroboi nimekaa na chai tu tangu asubuhi nikaona nikujibu kwa maandishi badala ya voisi, maana hili jambo nikiliongea nitarukaruka alafu utasikia nusu.

Uliniuliza hivi: "Baba, hizi USDT ninazolipwa na wateja wangu wa nje niziache kwenye simu, au ninunue kile kidude kama flashi kinachokaa nje ya mtandao? Mmoja ananiambia simu ni hatari, mwingine ananiambia kidude ni usumbufu tupu." Ukasema umefikisha kama USDT 1,150, hizi sarafu za mtandaoni ambazo moja inakaa karibu na dola moja, na Bitcoin kidogo, na ukaniomba nisimwambie mama kiasi. Sijamwambia.

Kabla ya kuchagua tuelewane kitu kimoja. Hela yako haimo ndani ya simu na haitakaa ndani ya kidude pia. Iko kwenye blokicheni, yani daftari ambalo kopi zake ziko kwenye kompyuta nyingi dunia nzima, na wewe ulichonacho ni ufunguo tu, namba ndefu ya siri inayoruhusu hela itoke. Ni kama M-Pesa, hela haimo kwenye laini. Ila kule laini ikipotea unaenda dukani na kitambulisho chako unarudishiwa, huku hakuna duka la kwenda. Yale maneno 12 uliyopewa ulipofungua waleti, yani apu au kifaa kinachotunza huo ufunguo (zingine zinatoa 24), ndo ufunguo wenyewe, umegeuzwa maneno ili binadamu aweze kuunakili bila kukosea. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048 na mpangilio wake haubadilishwi. Mtu akiyapata hahitaji simu yako, hahitaji PIN yako, anayaingiza kwenye simu yake huko aliko na anahamisha kila kitu wakati wewe umelala.

Sasa nikuambie kilichonikuta hapa mezani mwaka jana.

Alikuja kijana wa ng'ambo ya Kamanga, simu kafunga kwenye mfuko wa mchele. Ilimdondoka wakati anashuka feri, ikakaa majini mpaka wakaitoa na wavu. Mchele hausaidii kitu, nilishakwambia, ila watu hawasikii. Nikafungua, nikatoa bodi, nikaiosha na spiriti na mswaki laini. Nilipoiweka chini ya lenzi nikaona pale penye mfumo wa chaji pameota kutu ya kijani kama ukoka, na ile harufu ya maji ya ziwa ikajaa meza nzima. Kijana kasimama nyuma ya bega langu hasemi, anapumua tu. Nikamwambia kaa, leta kiti. Ndo akaniambia kuna hela ndani, za miaka miwili, alikuwa anaweka kidogokidogo anunue injini ya mtumbwi. Nikamuuliza maneno 12 uliyaandika wapi? Akasema niliyapiga skrinishoti. Skrinishoti iko wapi? Akaonyesha kidole kwenye bodi.

Siku tatu nilihangaika nayo. Haikuwaka. Nikamuuliza kama picha zake zilikuwa zinapanda kwenye akaunti ya barua pepe, akasema alizima kuokoa bando. Mimi nimeshapasua simu nyingi na nimeshawaambia watu wengi pole, ila ile ilinikaa.

Na angekuwa hajazima? Hapo skrinishoti ingekuwa mtandaoni, na yeyote atakayeingia kwenye ile akaunti ya barua pepe angeikuta. Kwahiyo skrinishoti ni mbaya ukiipoteza na ni mbaya isipopotea. Kama unayo, ukimaliza kusoma aya hii nenda kafute, na kwenye kapu la vilivyofutwa pia, alafu hiyo waleti uihesabu imeshachafuka, fungua nyingine mpya uhamie huko.

Turudi kwa wenzako. Wanaokwambia simu ni hatari wanachanganya vitu viwili. Kuna hela iliyo kwenye eksichenji, yani kampuni inakutunzia na wewe unaona tarakimu tu kwenye apu, na kuna waleti yako mwenyewe iliyo kwenye simu, maneno unayo wewe. Zote zinaitwa za mtandaoni ila si sawa hata kidogo. Ile ya kwanza ni kama mvuvi anayeacha hesabu yake kwa tajiri mwenye mitumbwi. Giza likiwa zuri dagaa wakapatikana, tajiri anaandika kwenye daftari, unamdai laki tatu, laki nne, na siku ukitaka anakupa, mpaka siku ambayo hana. Wewe unakuwa na daftari, hela anayo yeye. Eksichenji ya Mt. Gox ya Tokyo ilianguka Februari 2014 ikasema Bitcoin kama 850,000 hazionekani, ingawa baadaye wakazikuta kama 200,000. FTX nayo ikaanguka Novemba 2022, watu walikuwa wanaona salio kwenye skrini kama kawaida na kutoa hawawezi, na mwenye nayo Machi 2024 akahukumiwa miaka 25 huko Marekani. Wala sikuambii usitumie eksichenji, utaihitaji siku ya kubadilisha ziwe shilingi, ila isiwe kituo cha kulala. Na ukiwa nayo, usalama wake usiweke kwenye meseji za simu, weka ile apu inayokutolea namba za siri za muda mfupi za kuingilia, kwasababu mtu akifanikiwa kurenew laini yako kwa ujanja meseji zote zinaenda kwake. Hilo nimeliona kwa wateja wangu wa hela za simu, tena mara nyingi.

Waleti ya kwenye simu, ambayo maneno unayo wewe, mimi kwa matumizi ya kila wiki naiona iko sawa. Ubaya wake ni kwamba ufunguo unakaa kwenye kifaa hichohicho unachobonyezea linki, unachompa mdogo wako acheze gemu, unachodaunlodia apu zilizopatikana kwenye magrupu. Kuna virusi ukikopi anwani vinakubadilishia wakati wa kupesti. Na kuna matapeli wanakutumia senti chache kutoka anwani inayofanana na ya mtu wako, herufi za mwanzo zilezile na za mwisho zilezile, ili siku nyingine ukikopi kutoka kwenye historia uchukue ya kwao. Ni "ile hela tuma kwenye namba hii" iliyovaa suti.

Kidude sasa. Ledger ni wa Ufaransa, Trezor ni wa Czech, na wa kwanza kuuzwa ulikuwa Trezor, 2014. Kazi yake ni moja, ufunguo unazaliwa mle na hautoki. Ukitaka kutuma, simu inaandaa muamala kama karatasi ya kusainiwa, kidude kinasaini ndani kwa ndani kinarudisha sahihi tu. Hata kama simu imejaa virusi, ufunguo haujagusa mtandao. Ni kibubu, ila kibubu chenye kioo kidogo, na huo uzuri wa kioo ndo watu hawaujui. Anwani na kiasi soma pale kwenye kioo cha kidude, usisome kwenye simu. Februari 2025 eksichenji ya Bybit waliibiwa karibu dola bilioni 1.5 na hela ilikuwa kwenye waleti ya nje ya mtandao, ile tunayoambiwa haiibiki. Wenye kusaini walionyeshwa kwenye kompyuta muamala wa kawaida, kumbe walichokuwa wanakisaini ni kingine. Ufunguo haukuibiwa, walisaini wenyewe.

Usumbufu upo, sikudanganyi. Unataka kumlipa mtu uko kwenye daladala, kidude kiko nyumbani kwenye sanduku. Na bei ya vile vya kawaida ni kati ya dola 50 na 150 kabla ya usafiri, kwa mtu mwenye 1,150 hiyo siyo karanga. Alafu kinunue kwa mwenye kiwanda au wakala wao anayetambulika, siyo kilichotumika, siyo cha mtu wa grupu anakwambia nina kimoja cha ziada. Kikija na karatasi ina maneno yameshaandikwa tayari, huyo aliyekuuzia anayo kopi. Wateja wa Ledger taarifa zao zilivuja 2020, majina mpaka anwani za nyumbani, na baadaye kuna waliotumiwa vidude feki kwa posta vikiwataka waingize maneno yao. Maneno yanaingizwa kwenye kidude chenyewe tu, kwenye tovuti hapana, na anayejiita huduma kwa wateja hapewi hata neno moja.

Na usidhani nje ya mtandao ndo salama yote. Mimi baba yako mwaka 2021 niliandika maneno yangu nyuma ya daftari la madeni, ukurasa wa mwisho, nikajiona mjanja kwasababu nani atafikiri hela iko nyuma ya madeni ya kina Mama Sele? Jioni narudi nyumbani nakuta daftari limepungua. Mama yako alikuwa anawashia jiko la mkaa, mvua, mkaa umelowa, kachana karatasi za nyuma ambazo aliona hazina maana. Nilisimama pale nikiangalia jiko mpaka akaniuliza unaumwa? Bahati simu ilikuwa mkononi na waleti iko wazi, usiku uleule nikafungua waleti mpya, nikaandika maneno mapya kwenye karatasi mbili, nikahamisha zote na kulipa ada. Simu ingekuwa imeibiwa wiki hiyo ningekuwa nakuandikia barua nyingine. Mama yako mpaka leo anasema ubwabwa wa siku ile ulikuwa wa gharama kuliko yote aliyowahi kupika.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kidude nunua, ila kwasababu unasema zinaongezeka kila mwezi, siyo kwasababu ya 1,150 za leo, na ungekuwa na 200 ningekwambia achana nacho. Kwenye simu bakiza ya mwezi mmoja, kodi na bando na vocha ya mama, zingine kibubuni. Kikifika usihamishe zote. Tuma kumi, alafu kifute kabisa kidude kirudi kama kipya, rudisha kwa maneno uliyoandika, zile kumi zikionekana ndo tuma zilizobaki. Watu wanaruka hatua hii kwa uvivu, wanakuja kugundua neno la saba waliliandika vibaya siku ambayo kidude kimekufa. Angalia na netiweki, yani blokicheni ambayo hela inapitia, USDT za Tron anwani yake inaanza na T, za Ethereum inaanza na 0x, ulizia mapema na usibahatishe. Na kwenye Tron weka TRX kidogo, sarafu ya Tron yenyewe, za ada, bila hizo mara nyingi USDT zitakaa hapo unaziangalia kama samaki kwenye friza la jirani.

Maneno yaandike kwa mkono wako, karatasi mbili, kila karatasi maneno yote, yakiwa 12 au 24. Usiyagawe sita kwako sita kwa Doto, ikipotea moja mmepoteza zote. Moja kaa nayo Dodoma lakini siyo sehemu moja na kidude, na mwenzako wa chumba asijue. Ya pili niletee mwenyewe ukija, nitaitia kwenye bahasha ya plastiki niifungie na hati ya kiwanja, mbali na jikoni. Ukitaka ya kudumu kuna watu wanagonga herufi kwenye bati la stenlesi, gonga mwenyewe, usimpe fundi hata kama ni mimi.

Mambo mawili madogo. USDT inatolewa na kampuni iitwayo Tether, wao wana uwezo wa kugandisha anwani, na kidude hakizuii hilo, kwahiyo usiweke akiba yote ya maisha humo, kiwanja bado ni kiwanja. Na serikali, Benki Kuu (BoT) walitoa tangazo Novemba 2019 kwamba hizi sarafu hazitambuliki kisheria, alafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Yani pamekaa hivyohivyo, tunza kumbukumbu za kila malipo ya wateja wako na muulize mtu wa kodi huko Dodoma, mimi ni fundi simu.

Mama yako amefunga dagaa ndoo moja, wa Mwaloni, waliokauka vizuri hawana mchanga, wanapanda basi la kesho alfajiri na jina lako nimeliandika kwa maka peni. Kondakta atakupigia. Ukipata hii barua nijibu kama skrinishoti umefuta au la, na usinitumie picha yake kunionyesha ilikuwaje.

Baba yako