Setilaiti huonaje barafu gizani?

Ndugu yangu, umeuliza setilaiti zinapimaje barafu ya bahari kule Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini, wakati jua halichomozi kwa miezi na mawingu yametanda. Hazitegemei mwanga. Kila kitu hutoa mawimbi hafifu ya maikrowevu, na barafu ya bahari hutoa mengi kuliko maji yaliyo wazi. Mawimbi hayo hupenya mawingu, usiku na mchana. Setilaiti ya Nimbus-7 ilirushwa mwaka 1978 na kuanzisha mfululizo usiokatika wa vipimo hivyo, ndiyo maana tunajua kwamba Septemba 2012 barafu ilishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kabisa tangu mfululizo huo uanze.

Kiangazi kazi huwa ngumu: theluji ikiyeyuka, vidimbwi hutuama juu ya barafu, na chombo huvisoma kama bahari tupu.

Kwa kutabiri barafu itakavyokuwa, eneo peke yake halitoshi, unataka unene. Barafu nyembamba ya Machi ni vigumu kufika Septemba bila kuyeyuka. Setilaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa 2010, hupima kwa rada kimo cha barafu juu ya maji, kisha unene hukokotolewa. Lakini karibu sehemu tisa kati ya kumi za barafu zimezama, kwa hiyo ukikosea kimo hicho kwa sentimita tano, unene wote unaweza kupotoka kwa nusu mita hivi. Ongeza theluji iliyolalia juu, ambayo uzito wake nao lazima ukadiriwe. Kwangu mimi, hiyo theluji ndiyo inayostahili kupimwa vizuri zaidi kuliko chochote.