Usikubali Kuambiwa "Utazoea": Kuchagua Baiskeli ya Kwenda Kazini Nairobi

Yule muuzaji alikuwa na jibu moja kwa kila swali langu. Usukani mbona uko mbali? "Utazoea, madam." Kiti mbona kinanichoma? "Utazoea." Wiki ya pili nikampigia simu kumwambia viganja vinakufa ganzi kabla sijafika makutano ya Allsops, kwenye Thika Road. Akacheka. "Hiyo ni baiskeli ya mbio, inataka moyo. Utazoea."

Nilimwamini kwa miezi minne. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyalipia, kwa pesa na kwa shingo.

Naishi Roysambu, kazi yangu iko Westlands. Napita kijia cha kando ya Thika Road hadi Pangani, nakunja kwenye Forest Road, ambayo siku hizi jina lake ni Profesa Wangari Maathai, nashuka Museum Hill, kisha napanda Westlands. Ni kilomita kama 13. Asubuhi mbaya matatu inanichukua saa nzima na zaidi. Baiskeli ni dakika 45 hadi 50, ukiwemo muda wa kuteremka na kuisukuma penye watu wengi.

Thika Road ilipokamilika mwaka 2012, ilikuja na vijia vya waenda kwa miguu na wa baiskeli. Ukiipita ndani ya gari unaweza kudhani tumeshafika Uholanzi. Sisi tunaopita chini tunajua kijia kinavyokatika ghafla kwenye steji, viatu vya mitumba vimetandazwa juu ya turubai, boda boda inakujia uso kwa uso huku dereva akikupigia honi kana kwamba wewe ndiye umekosea njia. Pale kijia kinapokatwa na barabara ya kuingilia mtaani, kuna ukingo wa saruji unaosubiri rimu yako. Ukitaka kujua baiskeli gani ya barabarani itakufaa, anza na njia yako yenyewe. Itembee hata kwa miguu Jumapili moja, hesabu mashimo, matuta na kingo.

Mimi sikufanya hivyo. Nilipenda rangi.

Ilikuwa baiskeli ya mtumba kutoka Uingereza, nyepesi, nyeusi yenye mstari mwekundu, tairi nyembamba za milimita 23. Fremu namba 56, yaani saizi yake. Urefu wangu ni sentimita 165, na mtu wa kimo changu kwa kawaida huangukia 50 hadi 52. Muuzaji alijua. Alichofanya ni kushusha kiti hadi chini kabisa, miguu yangu ikafika, akasema imenikaa. Huu ndio ujanja wa kuuangalia zaidi ya wote: kiti kinashuka na kupanda, lakini urefu wa fremu kutoka kiti hadi usukani haushuki. Nilikuwa nimelala juu ya ile baiskeli kama nguo kwenye kamba, uzito wote ukiegemea viganja, na breki nazifikia kwa ncha za vidole.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa huku mtaani, mzee anayeziba pancha chini ya mwavuli. Nilikuwa nimempelekea tyubu, ya tatu mwezi huo. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Mama Neema, hii ni ya bwanako?"

"Ni yangu, Mzee."

"Hebu weka kiwiko hapa."

Akanielekeza niegemeze kiwiko kwenye ncha ya mbele ya kiti, ninyooshe mkono na vidole kuelekea usukani. Vidole viliishia hewani. Kati ya ncha ya kidole na usukani paliingia shibiri nzima na kidogo. Akasema kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, upana wa vidole vitatu au vinne ungetosha. Ni kipimo cha mkono tu, hakina sayansi kubwa, mikono yetu hailingani. Lakini unaweza kukifanya papo hapo mbele ya muuzaji bila kuomba ruhusa, na kosa kubwa kama langu hakiwezi kulikosa.

Kipimo chenye sayansi kipo pia. Kampuni za baiskeli huweka kwenye tovuti zao namba mbili, staki na richi. Zote hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedali: staki ni kwenda juu hadi mdomo wa fremu pale mbele chini ya usukani, richi ni kwenda mbele hadi hapo hapo. Staki ikiwa kubwa, unakaa wima zaidi. Fremu ya mbio ya namba 54 mara nyingi ina staki ya milimita 540 hivi, na ya safari ndefu, namba hiyo hiyo, ina 565 hadi 575. Sentimita tatu zinaonekana kichekesho kwenye karatasi. Zipande ukiwa na mkoba mgongoni, jioni, ukigeuza shingo kila sekunde chache kutazama matatu iliyo nyuma yako, utaziheshimu.

Sasa tairi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wakitafuta starehe hukimbilia kubadilisha kiti, na starehe nyingi iko chini.

Tairi nyembamba lazima ijazwe upepo mwingi ili isibamizwe hadi kwenye rimu. Zile 23 zangu nilizijaza hadi psi 100 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), zikawa ngumu kama mpini wa jembe, na kila ufa wa lami uliniingia mwilini kupitia mikononi. Nisipozijaza hivyo, ukingo wa kwanza tu unabana tyubu dhidi ya rimu na kuikata matundu mawili yaliyoandamana, kama kuumwa na nyoka. Ndiyo maana ya tyubu tatu kwa mwezi. Leo, kwenye baiskeli nyingine, naendesha tairi za milimita 32. Nina kilo 68, na naweka psi 55 nyuma, 50 mbele. Upepo wenyewe ndio springi.

Na kasi? Kila mtu huuliza. Hata wanaoshindana wenyewe wameacha 23 miaka hii, wengi wako 28 na kuendelea, maana kwenye lami isiyo laini tairi inayorukaruka hupoteza nguvu. Wauzaji wetu wanapenda kumtaja Chris Froome, aliyezaliwa hapa Nairobi, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne. Sawa, tunajivunia. Ila Froome alikuwa na gari nyuma yake limebeba magurudumu ya akiba, na mimi nyuma yangu nina lori la mchanga.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, inama. Tazama nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, chini ya breki na kando kando. Baiskeli nyingi za mbio za zamani, zenye breki za kubana rimu, zinaishia 25, labda 28 kwa kusali. Kama kidole cha mwisho hakipenyi, hiyo baiskeli haitakuja kuwa ya starehe hata uifunge sofa. Tazama pia kama kuna vitundu vya skrubu karibu na ekseli za magurudumu. Hivyo ndivyo vya madigadi na keria. Mtu ambaye hajaendesha Aprili hapa Nairobi huona madigadi kama kitu cha mzee wa kijijini aliyepakia kreti ya soda. Subiri uingie mkutanoni na mstari wa tope mgongoni.

Kiti nacho kisikuache ukidanganyika. Kile kinene kinachobonyea kama mkate kina raha ya dakika kumi. Baadaye mifupa inazama, na ile nyama laini ndiyo inabeba mzigo. Kinachotakiwa ni upana unaolingana na mifupa yako ya kukalia. Chukua kadibodi ya boksi la dukani, iweke kwenye ngazi ya saruji, ikalie ukiwa na suruali nyembamba, inua miguu kidogo kwa dakika moja. Ukiinuka utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi cha pili, ongeza sentimita mbili na nusu hivi, hapo ndipo uanzie kutafuta kiti. Mimi nilipata sentimita 13, na kiti nilichokuwa nikikalia kilikuwa na upana wa 13 kwa jumla! Mifupa ilikuwa imekalia ukingoni miezi yote hiyo. Fanya zoezi hili mlango ukiwa umefungwa. Mwanangu aliniingilia katikati na mpaka leo anawahadithia wageni.

Gia sina mengi. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na milima yetu mifupi ina hasira, kwa hiyo mbele gia ndogo iwe na meno 34 au pungufu, nyuma kubwa iwe na 30 au 32. Kama mbele kuna 39 na nyuma 25, tabasamu, endelea mbele.

Breki, nimekuja kupenda diski, hasa wakati wa mvua. Breki za rimu zinafanya kazi, ila mchanga wa Nairobi ukichanganyika na maji, utasikia rimu ikisagwa kama sufuria inayosuguliwa kwa jivu. Kati ya diski za waya na za mafuta, nilichagua za waya, ingawa za mafuta zinashika kwa upole zaidi. Sababu ni yule mzee wa mwavuli. Waya anao. Kifaa cha kutoa hewa kwenye mafuta hana, na mimi siwezi kuiacha baiskeli kwa fundi wa mbali siku tatu halafu nirudi kubanana kwenye matatu.

Jambo moja la mtumba wa Uingereza: breki ya mkono wa kulia ndiyo ya mbele. Zilizotoka Ulaya bara kwa kawaida ni kinyume. Jaribu polepole uani kabla hujateremka nayo popote. Na vali nyembamba za baiskeli za mbio haziingii kwenye pampu ya upepo ya petroli steshini bila kile kiungo kidogo cha shaba. Nunua viwili, kimoja kitapotea.

Siku ya kuijaribu, nenda na mkoba wako wa kazini ukiwa na vitu vyote, laptopu na chakula humo ndani. Omba utoke nje ya lango, muuzaji akihofia mwachie kitambulisho. Panda tuta, shuka, geuza shingo nyuma kama anayetaka kukunja, shika breki kwa nguvu. Dakika 20, si mbili. Mapaja yakichoka ni sawa, hayo ndiyo yatakayozoea. Ganzi ya vidole, maumivu ya shingo, goti linalouma kwa mbele, hayo mrudishie mwenyewe pamoja na baiskeli yake. Ukiridhika, geuza baiskeli usome namba ya utambulisho iliyochongwa kwenye fremu chini ya pedali, iandikwe kwenye risiti.

Ile nyeusi niliiuza kwa hasara ya shilingi 9,000. Aliyeinunua ni kijana wa Juja, mrefu, miguu kama korongo. Alipoikalia na kuweka kiwiko kwenye ncha ya kiti, vidole vilibakiza upana wa vitatu tu. Nilimwambia kuhusu tairi, kwamba zaidi ya 25 hazitaingia. Akasema yeye huiendesha Jumamosi alfajiri tu, kwenda Thika na kurudi, lami tupu. Nikamwongezea tyubu mbili zilizokuwa zimebaki.