Lebo imeandikwa NEW YORK USA: je, hii ni chapa ya kwanza?

SWALI: Shikamoo fundi. Ndiyo kwanza naanza kukusanya santuri za jazi za miaka ya 1950 na 1960. Dada yangu anaishi New Jersey, Marekani, na juzi kwenye duka la mitumba ameona santuri ya Art Blakey na Jazz Messengers, ile inayoanza na "Moanin'". Ni ya kampuni ya Blue Note, namba BLP 4003, mono. Muuzaji anataka dola 600 na anasema ni orijino ya 1958. Dada kanitumia picha tatu: jalada mbele, jalada nyuma na lebo. Nyuma ya jalada kuna anwani ya 47 West 63rd, New York. Lebo ni ya buluu na nyeupe, na chini imeandikwa NEW YORK USA. Hii ni chapa ya kwanza kweli? Na je, gramafoni yangu yenye sindano ya stereo itaipiga bila kuiharibu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Mwambie dada asitoe hela kwanza. Kwa lebo hiyo, santuri hiyo si chapa ya kwanza, yaani si ya lile fungu lililotoka kiwandani mwanzo, hata kama jalada lake ni la zamani kweli.

Blue Note walikuwa na mazoea ya kuandika anwani ya ofisi yao chini ya lebo, na walipohama, anwani nayo ikabadilika. Hadi 1957 iliandikwa 767 Lexington Ave. Kisha ikawa 47 West 63rd, ikadumu hadi karibu na 1962. Baada ya hapo wakaacha kutaja mtaa, wakaandika NEW YORK USA tu. Sasa piga hesabu: nyimbo hizo zilirekodiwa 30 Oktoba 1958. Lebo ya chapa ya kwanza inatakiwa iwe na 47 WEST 63rd NYC pande zote mbili. Yako imetoka kiwandani miaka mitatu minne baadaye kwa uchache, na huenda ni zaidi, kama utakavyoona.

Jalada lisikuzuzue. Majalada yalichapwa mengi kwa mpigo, yakakaa bohari, yakatumika mpaka yakaisha. Na katika miaka sitini ya kuhama nyumba, kurithiwa na kuuzwa kwenye makasha, santuri nyingi zimeishia kuvaa nguo za wenzake.

Kwa hiyo swali lililobaki si kama ni ya kwanza, ni kama ilichapwa kabla au baada ya 1966. Mwaka huo kampuni ya Liberty ilikuwa imeshainunua Blue Note, na uchapaji ukahamishwa kutoka kiwanda cha Plastylite cha North Plainfield, huko huko New Jersey. Liberty walirithi lebo na majalada yaliyobaki, na hawakuwa watu wa kutupa karatasi nzima. Wakaendelea kubandika lebo za NEW YORK USA kwenye santuri zilizochapwa kwingine. Ndiyo maana santuri mbili zinaweza kuwa na lebo moja neno kwa neno, moja ya 1963 na nyingine ya 1967, na wakusanyaji wanazipa bei tofauti kabisa.

Kinachozitenganisha ni sikio. Geuza santuri yoyote uliyonayo na uangalie ule ukanda mtupu kati ya mwisho wa muziki na lebo. Pale pana maandishi madogo yaliyokwaruzwa au kugongwa. Plastylite walitia alama yao hapo, kama herufi P iliyoandikwa kwa mkono kwa haraka, mkia umepinda. Ikilala kwa ubavu inafanana na sikio la mtu, na jina likashika. Sikio likiwepo, santuri imechapwa Plastylite, kabla ya mambo ya Liberty. Lisipokuwepo kwenye santuri ya mono yenye lebo ya NEW YORK USA, ichukulie kuwa ni ya Liberty.

Kulipiga picha kuna ufundi wake, maana ukipiga kwa mwanga wa kawaida utaona weusi mtupu. Dada aitoe santuri kwenye ganda akiishika kwa kingo, ailaze juu ya jalada lake. Simu moja iwashwe tochi na ilazwe karibu usawa wa santuri yenyewe, mwanga uje kwa ubavu, si kutoka juu. Simu ya pili ipige picha huku dada akiizungusha santuri polepole. Kwenye pembe fulani maandishi yatang'aa ghafla kama kovu. Apige pande zote mbili, kwa sababu upande A na B vilichongwa mbalimbali.

Ataona pia herufi RVG, na hapo ndipo muuzaji atakapomwambia, "Si unaona? Orijino!" RVG ni Rudy Van Gelder, fundi mitambo aliyerekodi karibu jazi yote kubwa ya Blue Note ya miaka hiyo. Wakati wa kikao hiki cha Blakey alikuwa bado anarekodi Hackensack, kwenye sebule ya nyumba ya wazazi wake, na mchana akipima watu macho, maana kazi yake ya mshahara ilikuwa hiyo. Studio ya Englewood Cliffs aliihamia 1959. (Dada yako, kwa taarifa, anaishi jimbo lile lile santuri hii ilikorekodiwa.) Van Gelder alitia herufi zake kwenye sahani ya laka, ile ya mwanzo inayochongwa mifereji, aliyoichonga mwenyewe. Kutoka kwenye laka hiyo ndipo zilipotengenezwa chuma za kuchapia, na kila santuri iliyochapwa kwa chuma za ukoo huo inazaliwa na herufi hizo, hata kama imechapwa 1967. RVG inakuambia nani alichonga; tarehe ya kuchapwa haikuambii. Bado ni habari njema kwa masikio yako: santuri ya Liberty yenye RVG huwa inasikika vizuri sana, na bei yake hubaki ya kibinadamu.

Watu wengine watakuuliza habari ya lile duara lililozama kwenye lebo, kama alama ya kikombe kilichokaa juu ya karatasi mbichi. Hilo lilitokana na mashine za kuchapia za zamani. Chapa ya kwanza ya BLP 4003 inatakiwa iwe nalo pande zote mbili, lakini peke yake silitegemei, kwa sababu chuma za zamani ziliendelea kutumika hapa na pale baadaye. Uzito nao usikudanganye. Santuri za zamani ni nzito, ni kweli, ila zinazochapwa leo kwa gramu 180 ni nzito vile vile.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Miaka ya nyuma niliagiza santuri ya Blue Note kwa muuzaji wa ng'ambo, nikalipa bei ya chapa ya kwanza kwa kuamini picha ya lebo. Ilipofika nikaiweka chini ya taa mezani, nikaizungusha mara tatu, nne. Sikio hamna. Muuzaji akajibu kwamba hakuwahi kutamka neno "sikio", na alikuwa sahihi. Nilikuwa sijauliza.

Sasa hali ya santuri yenyewe, ambayo mimi naipa uzito kuliko anwani. Wauzaji wa Marekani huandika VG, yaani Very Good, na ukitafsiri unapata "nzuri sana". Usitafsiri. Kwa wakusanyaji VG ni santuri yenye mikwaruzo inayosikika. Unayoitaka huandikwa VG+ au zaidi. Tena mikwaruzo inayoonekana kwa macho si adui mkubwa. Adui ni mfereji uliolika. Gramafoni za enzi hizo zilikuwa na mikono mizito na sindano zilizochakaa, na zilikula mifereji bila kuacha mkwaruzo hata mmoja. Dada aombe kuisikiliza. Asisikilize mwanzo wa upande wa kwanza, pale piano ya Bobby Timmons inapoita na wapulizaji wanaitikia. Pale hata santuri iliyochoka husikika vizuri. Aende mwisho wa upande huo, "Along Came Betty", asikilize tarumbeta ya Lee Morgan inapopanda. Mwanzoni mwa upande mfereji unapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu, sauti ile ile imebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Uharibifu hujitokeza hapo kwanza. Tarumbeta ikitoa sauti ya kuchanika, kama spika iliyopasuka, hakuna sabuni itakayoirudisha.

Kuhusu sindano yako: piga bila hofu. Sindano ya stereo iliyo nzima haiharibu santuri ya mono. Mfereji wa mono unaisogeza sindano kushoto na kulia tu. Wa stereo unaisogeza na juu na chini pia. Kwa hiyo katriji yako, kile kichwa kinachoshika sindano, itasoma muziki wote, na juu yake itasoma vumbi na uchakavu wa chini ya mfereji, utasikia mchakacho kama wa mafuta kikaangoni. Amplifaya yako ikiwa na swichi ya mono, ibonyeze, sehemu kubwa ya kelele hiyo itajifuta. Ukishakuwa na santuri za mono kumi na tano hivi, nunua katriji ya mono yenye sindano ya mikroni 25, badala ya 18 iliyozoeleka kwenye sindano duara za stereo. Hatari iko upande wa pili: katriji ya mono ya kizamani isiyojua kupanda na kushuka italima santuri ya stereo kama jembe.

Kuosha ni maji yaliyokenekwa (distilled) pamoja na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kufuata mzunguko wa mfereji, lebo isilowe. Spirit kidogo iliyochanganywa na maji vinyl inaivumilia. Ila kama nyumbani kuna sahani za zamani za spidi 78, za enzi za akina Siti binti Saad, spirit isizikaribie kabisa. Zile si vinyl, ni shelaki, na shelaki huyeyuka kwenye spirit. Niliwahi kufuta sahani ya marehemu babu kwa pamba yenye spirit na pamba ikatoka nyeusi. Nilidhani ni uchafu.

Ushauri wangu wa mwisho kwa hiyo ya dola 600: sikio likiwepo na tarumbeta ikiwa safi, dada aanze mazungumzo kwa chini sana ya nusu ya bei hiyo. Sikio lisipokuwepo, ashuke zaidi, au aiache. Kama shida yako ni muziki, tafuta chapa za Kijapani za kampuni ya King za mwishoni mwa miaka ya 1970, au zile ambazo Blue Note wenyewe wanachapa sasa zikichongwa na fundi Kevin Gray kutoka kanda za asili. Na dada akiwa bado kwenye duka hilo hilo, apekue herufi W atafute "Uhuru Afrika" ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York 1960 kwa ajili ya kampuni ya Roulette. Humo utamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisema Kiswahili juu ya ngoma. Akiipata, asiniulize habari ya lebo. Aichukue.